Wasia wa Bibi Niliouitikia

Kwanza mjue kwamba aibu hii ni yangu mwenyewe, sitaki kumsingizia shetani wala soko huria, ingawa wote wawili walikuwepo. Vijana ninaofanya nao kazi siku hizi wananiita mhenga, kisa nilizaliwa miaka ya themanini mwanzoni, na juzi mmoja wao akanisomea kwenye simu yake kwamba sisi ndio tunaitwa kizazi cha milenia, eti tuna msongo wa mawazo, hatudumu kazini na hatujui tunachotaka. Nikacheka mpaka akaniuliza kulikoni. Mhenga gani mimi, ambaye siwezi kumwomba mzee wa kwetu maji ya kunywa kwa lugha yake? Na mkasa wenyewe unaanzia hapohapo, kwa hiyo kaeni vizuri na msinikatishe, maana nikikatishwa nitapata kisingizio cha kuacha.

Sisi tulizaliwa wazazi wakiwa kwenye foleni ya sukari na sabuni, tukapata akili maduka yakiwa yamejaa kila kitu na wazazi hawana tena kazi ya kuwawezesha kununua. Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo, akapunguzwa. Neno hilo, kupunguzwa, watoto wa mtaa wetu pale Mkolani tulilijua mapema sana, kila nyumba ilikuwa na mtu wake aliyepunguzwa, ameketi barazani na shati la kazini lililopigwa pasi, hana pa kwenda. Mama akaanza kuuza mitumba sokoni Mirongo. Baba akabaki nyumbani na sheria moja, kwamba ndani ya nyumba yake hakuna Kisukuma. "Kisukuma hakijawahi kumwajiri mtu," alikuwa akisema (na yeye mwenyewe akikasirika r zake zote zinageuka l, lakini nani wa kumwambia). Tukakua na Kiswahili kitupu na Kiingereza cha kuungaunga, na tulijivuna, tena sana, tukawa tunawaita washamba wenzetu waliokuja kusoma kutoka Magu na Kwimba kwa sababu tu walisalimiana kwa lugha ya mama zao. Huo ndio ulikuwa ujanja wetu.

Basi, nilipokuwa kidato cha pili, bibi mzaa baba akaletwa kutoka kijijini kutibiwa. Hospitali wakamwangalia, wakasema arudishwe nyumbani apumzike, na watu wazima wakaelewa maana yake. Akalazwa kwenye chumba chetu sisi watoto. Kiswahili cha bibi kilikuwa cha gulioni, chumvi, bei gani, njoo, hapana, na alipozidiwa hata hicho kikamtoka. Mimi kwake nilielewa neno moja tu, ng'wanawane, mwanangu, kwa sababu ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo.

Siku yenyewe mama alikuwa sokoni, baba ametoka kufuatilia kibarua kwenye kiwanda cha samaki, mimi nikaachwa nimwangalie mgonjwa. Nilikuwa nimeazima kanda ya muziki kwa rafiki yangu, utepe umetoka nje, nimekaa kitandani miguuni pa bibi naurudisha kwa kalamu ya biki, ndipo akanishika mkono na kuanza kuongea. Hakuongea kidogo. Aliongea kama mtu anayemwagiza mtoto dukani, anasema, anatulia, anasubiri uitikie ndipo aendelee. Na mimi nikaitikia. "Ee, bibi." Akaendelea. "Ee, bibi." Ukuta wa pili alikuwepo jirani yetu Mama Doto, Msukuma wa Kisesa, anapepeta mchele uani kwake, ningepaza sauti tu angekuja na kila kitu kingeeleweka. Lakini Mama Doto alikuwa na tabia ya kunicheka, akiniita Mswahili wa Mkolani, na mimi sikutaka kuchekwa siku hiyo. Nikaona niitikie tu yaishe. Akamaliza, akaniachia mkono, akageukia ukutani, na kabla mama hajarudi kutoka sokoni bibi alikuwa ameshafariki.

Watu wakajaa, turubai likafungwa. Kesho yake asubuhi akafika baba mkubwa Masanja, kaka yake baba, na wazee wa ukoo, na swali lao la kwanza lilikuwa bibi amekufa mikononi mwa nani na amesema nini. Kwetu maneno ya mwisho ya mzee si ya kupuuza, ukiyakiuka ukoo mzima unalipa. Baba akanisukuma mbele.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba, baba. Bibi yako alikuachia neno?"

Hapa ningesema sikumwelewa, ningezabwa kibao kimoja na msiba ukaendelea. Lakini usiku nilikuwa nimemsikia baba akimnong'oneza mama kwamba hana uwezo wa gari la kusafirisha maiti mpaka kijijini, na mtaani hakuna wa kumkopesha kwa sababu wote wamepunguzwa pamoja. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezama, sikuwahi kuisikia hivyo. Nikamtazama barazani, kwenye shati lake la kazini, nikamwonea huruma mpaka nikaona nimsaidie. Nikasema, "Ndiyo. Alisema azikwe hapahapa, asisumbuliwe na safari."

Baba mkubwa alinitazama kwa muda mrefu. "Mama aseme hivyo? Na mahali pake pembeni ya marehemu baba ametuonyesha mwenyewe?"

"Ndivyo alivyosema."

"Alikwambia kwa Kisukuma?"

"Ee," nikasema (ile ee ileile).

Uongo ukishapata miguu haurudi. Wazee wakateta, wengine wakatikisa vichwa, shangazi Kabula, binti mkubwa wa bibi, akalia upya kwa kusikia kwamba mama yake hakutaka kurudi kwake. Lakini wasia ni wasia. Vijana wakachimba kaburi nyuma ya nyumba yetu, pale mama alipokuwa analima mchicha. Baba akanipita akanishika bega, nami nikajiona mtoto wa maana sana, nasema ukweli, nilikula wali wa msibani siku hiyo kwa raha zangu.

Jioni jeneza likatolewa. Mtaa mzima ulikuwepo, wanakwaya, walimu wangu wawili, wanafunzi wenzangu, hata yule rafiki aliyeniazima kanda. Kabla halijateremshwa, baba mkubwa akainua mkono. Akasema kwamba mama yao anazikwa ugenini, mbali na mumewe, na kule chini waliotangulia watauliza kwa nini. Kwa hiyo mjukuu aliyeachiwa neno asimame hapa kichwani pa jeneza, alitamke kama alivyoambiwa, wasikie.

Nikasimama. Nikaanza, "Bibi alisema azikwe..."

"Hapana, baba," akanikatiza, kwa upole kabisa. "Kwa maneno yake. Wa huko chini hawajui Kiswahili."

Jamani, kuna jasho la jua na kuna jasho jingine. Nikamtafuta baba kwa macho, baba akatazama chini, na hapo nadhani alishaelewa. Nikapekua kichwa chote, Kisukuma nilichokipata kilikuwa maneno mawili ambayo hata Mhindi wa duka la vipuri anayajua, na kwa kuwa watu walikuwa wanasubiri na mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikalitoa la kwanza. Nikawaambia waombolezaji, jioni ile, mbele ya jeneza la bibi yangu, "Mwangaluka."

Yaani habari za asubuhi.

Wazee wawili waliokuwa nyuma, kwa mazoea tu, wakaitikia, "Mwangaluka." Nikaongeza lile la pili, "Wabeja," asante, sijui nilikuwa namshukuru nani. Mwanamke mmoja wa kwaya akaguna kwa kicheko, akajiziba mdomo kwa kitenge, mwingine akashindwa kabisa, na kicheko cha msibani mnakijua, kikishaanza hakina adabu, kikapita mpaka kwa wanafunzi wenzangu, na huku shangazi Kabula analia kwa sauti, kwa hiyo kilio na kicheko vikawa vinapandiana juu ya kaburi lililo wazi na mimi katikati nimesimama na kaptula ya shule.

Baba mkubwa akaja akainama mpaka usawa wa uso wangu. "Hukumwelewa, eti?"

"Sikumwelewa."

"Hata neno?"

"Alisema ng'wanawane."

Nilidhani atanipiga, na ningependa angenipiga. Akanyanyuka, akamgeukia baba yangu mbele ya watu wote, akamwambia taratibu, "Mdogo wangu, umetulelea mgeni." Baba alivua kofia akaishika mkononi, nikaona kichwa chake kimeanza upara, na watu wale wote waliokuwa wanacheka wakaacha kucheka.

Mazishi yakasimama. Kaburi lililochimbwa haliachwi tupu, wanasema litaita mwingine wa nyumba hiyo, basi vijana wakakata mgomba kwa jirani, wakauteremsha mle ndani kama mtu, wakaufukia. Bibi akarudishwa sebuleni. Usafiri ukatoka kwa mume wa Mama Doto, aliyekuwa dereva wa lori la kubebea sangara na barafu. Alijitolea mwenyewe, akasema angeambiwa tangu jana angetupeleka tangu jana, ila baba aliona haya kumwomba. Asubuhi tukampakia bibi kwenye lori lile, sakafu ina magamba na maji ya barafu, baba amekaa chini kalishikilia jeneza lisiteleze, suruali imelowa mpaka magotini, na harufu ya samaki ikatufuata mpaka kijijini. Hakunitazama safari nzima. Mimi nilikuwa nalia, lakini nililia kwa ajili yangu mwenyewe zaidi.

Shuleni nikaitwa Mwangaluka mpaka namaliza. Hata leo nikipita Mirongo saa kumi jioni yuko mtu atanisalimia hivyo, nami naitikia, nitafanyaje. Mama hakulima tena nyuma ya nyumba. Baba hakuigusa habari ile hata siku moja, ila sheria yake ya Kisukuma hakuitaja tena, na sisi tulikuwa tumeshakuwa wakubwa, ndimi zimekauka. Leo wanangu nao hawajui, na wale vijana wa ofisini wanadhani msongo wangu wa mawazo unatokana na kazi.

Lakini haya yote ningeyazoea. Kisichozoeleka ni shangazi Kabula. Tulipokwisha kumzika bibi pembeni ya mumewe, alinifuata nikiwa nimejitenga nyuma ya zizi, akaketi chini kando yangu. Hakunigombeza. Alisema kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno, "Maneno yamepotea, basi, hatutayapata. Wewe niambie kitu kimoja tu. Mama alipokuwa anasema, uso wake ulikuwaje? Alikuwa na hasira? Alikuwa anaogopa? Alikuwa anacheka?"

Hilo halikuhitaji Kisukuma. Angeweza kulijibu hata mtoto mchanga, hata bubu. Shangazi akasubiri, ameniegemea, na mimi nikakaa kimya mpaka akaelewa kwamba sikumtazama bibi usoni.

Tangu siku hiyo siitikii nisichokielewa. Kazini wananiona mbishi, kwenye vikao nauliza mara mbili, mara tatu, wenzangu wa rika langu wananikonyeza ninyamaze kwa sababu sisi tumefundishwa kuitikia ili yaishe. Waache wanikonyeze. Na mtu akiongea nami, hata awe anauliza njia tu, namtazama usoni mpaka amalize, wapo wanaokereka, nimeshaambiwa mara nyingi kwamba nakodolea watu macho.