Wimbo wa Ushindi Penye Matanga

Hili nitakalowaambia hamtaliamini, wala siwalaumu. Hata mimi, niliyekuwa miongoni mwa waimbaji, tena mwenye sauti iliyowabeba wengine wote, siku nyingine siliamini.

Dorkis, mume wa dada yangu Mnasilla, ni mfinyanzi wa vyungu hapa kisiwani Aigina. Mtu wa maneno machache, udongo haumtoki kwenye nyusi. Mwaka ule mwanawe Teisis alivuka bahari kwenda kwenye michezo ya Nemea, akashinda mieleka ya vijana. Mpiga mbiu akalitangaza jina lake, la baba yake na la mji wetu mbele ya Wayunani wote. Habari zilipotufikia, ukoo ukamwagiza mshairi atunge wimbo, nasi tukaufanyia mazoezi siku kumi na mbili, tukimngoja mwenyewe.

Kilichorudi ni mtungi wa majivu. Homa ilimkamata Teisis njiani, akafa kabla ya kuiona bahari. Wenzake walimchoma huko huko, na juu ya mtungi wakaweka shada lake la ushindi, la majani ya seleri mwitu. Nemea humvika mshindi majani yale yale tunayopambia makaburi, kwa hiyo Mnasilla alipoyaona hakuuliza kitu. Alikaa chini palepale uwanjani.

Tulipokwisha kuzika, Lakrates, mkubwa wa ukoo wao, akamfuata Dorkis karakanani.

"Pole, mwanangu. Sasa huu wimbo, tusiuache uoze. Binamu yake si alishinda mbio mwaka juzi? Tutoe jina la Teisis, tuweke la yule. Kumwimbia maiti wimbo wa furaha ni kisirani."

Dorkis aliendelea kukanda udongo. "Binamu yupi, yule aliyeshinda kwa kuwa mwenzake alijikwaa?"

"Kushinda ni kushinda."

"Basi mtungieni wake. Huu una mwenyewe."

"Ndani mna 'rudi, mama akukumbatie.' Utayastahimili hayo?"

"Sijui, mzee." Mikono ikasimama. "Lakini mkilitoa jina lake, nani atalitaja tena? Mimi nitakufa. Vyungu havisemi."

Lakrates alijikuna ndevu, akaondoka bila kuaga. Asubuhi yake alitupeleka sote kaburini.

Tuliuimba neno kwa neno, hatukupunguza. Tulipofika penye kukumbatia, Mnasilla alilala kifudifudi juu ya udongo mbichi, mikono ameitandaza. Hakuna aliyethubutu kumwinua. Dorkis alisimama kando; kila jina la mwanawe lilipopita, alilitaja pamoja nasi, taratibu, kama mtu anayejifunza kusoma.

Hapo ndipo nilipopaza sauti, jamani, sauti waliyoisikia mpaka Athene, ndege wakadondoka, na waimbaji wote mia mbili wakanyamaza kunisikiliza mimi pe—

"Kumi na wanne," akasema Dorkis, ambaye nilidhani hanisikii pale kwenye gurudumu lake la kufinyangia. "Na wewe, shemeji, hukuimba. Ulikuwa unalia."