Chemchemi Iliyong'aa Matembwe

Niliondoka Makambako kwa sababu ya mdomo wangu mwenyewe. Baba mdogo alikuwa amenipigia simu kutoka Matembwe kwamba chemchemi ya bondeni kwake inang'aa kama mafuta, na mlima ulio juu yake una ufa. Mimi, niliyemaliza masomo ya jioni na kufaulu jiografia kwa kishindo kilichosikika hadi Iringa, nikamjibu kwamba mafuta hupanda kutoka ardhini kupitia nyufa za miamba. Basi. Wiki mbili baadaye akapiga mama mdogo: mzee amezungushia vinyungu, zile bustani zake za bondeni za kiangazi, uzio wa mianzi, hataki kuona jembe bondeni, na mbegu za viazi zimechipua guniani mpaka zinatafuta mlango. Kiangazi kikipita bila kupanda, watoto watakula nini?

Saa mbili asubuhi, Njombe. Baridi iligonganisha meno yangu kama cherehani. Nikiwa mgahawani nasubiri lori linalopita Matembwe kufuata majani ya chai Lupembe, nilichovya andazi. Chai ikapanda hadi vidoleni. Hapo nikakumbuka nusu ya somo niliyoiacha nje ya simu: mafuta na gesi hupita na kukaa katika mawe ya mchanga, yenye vitundu kama andazi, tena juu yake liwepo tabaka la udongo wa mfinyanzi kama kifuniko. Ufa ni njia tu, na pengine miamba ikiteleza, ufa huohuo huziba ukawa ukuta. Nilitokwa jasho Njombe, jambo ambalo wazee hawajapata kuliona.

Saa sita, Matembwe. Baba mdogo alinipokea kwa salamu ya "kamwene" mara tatu, amevaa koti la harusi. Akanipeleka bondeni walikosubiri majirani wawili na mama mdogo. Kweli, juu ya maji palikuwa na rangi zote za upinde wa mvua.

"Sema kisomi, mwanangu. Hawa wasikie."

Nikagusa ule utando kwa kijiti. Mafuta yangezunguka na kuungana tena. Huu ulivunjika vipande vipande kama ganda la uji uliopoa. Nikawaeleza kuwa ni kutu ya udongo wetu mwekundu, kazi ya vijidudu vya majini. Kisha nikamwagia maji jiwe lililomeguka mlimani. Yakateleza yote, jiwe halikunywa hata tone, nami nikasema mafuta hukaa katika jiwe linalokunywa.

Baba mdogo akalipapasa lile jiwe. "Kwa hiyo ufa upo, ila hauna cha kupitisha."

"Ndiyo, baba."

"Kama mdomo wako kwenye simu," akasema mama mdogo, akanikabidhi jembe.

Nililima siku tatu, matuta marefu kama reli ya Tazara, huku baba mdogo akilima mbele yangu bila lile koti. Uzio hatukuung'oa, unazuia ng'ombe.

Nilirudi Makambako na malengelenge viganjani, nimejifunza kwamba nusu ya somo ni hatari kuliko ujinga mzima. Juzi baba mdogo alipiga tena. Viazi vimestawi ajabu pale karibu na chemchemi, akataka nimweleze kwa nini. Nikamwambia hilo sikulisoma, amuulize mama mdogo.