Flopi ya Msiba

Nilisikia kompyuta kabla ya kuiona. Nilikuwa bado kwenye korido, na kutoka nyuma ya mlango ulikuja mkwaruzo, ukakoma, ukaanza tena, kama mtu anayetafuna akamwani, zile buni kavu za Kihaya, asiyetaka kumeza. Mchapaji wetu alikuwa amewasha mashine kama kila asubuhi, kisha akaenda uani kuchemsha chai. Hakuna aliyekuwa ameiagiza kitu. Ilikuwa ikifanya kazi peke yake.

Jana yake nilikuwa nimerudi Bukoba kutoka Muleba, tulikomzika kaka yangu. Sikuwa na huzuni ninayoweza kuieleza. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, ni wako, lakini ukiubonyeza hausikii kitu. Niliketi, nikafungua daftari langu.

Kazi yangu katika kampuni ile ya kununua kahawa ilikuwa kulinda mashine. Nilikuwa nimesoma kozi ya kompyuta Mwanza, na kwa miaka ile hilo lilitosha niitwe mtaalamu. Hatukuwa na mtandao. Hatari iliingia ofisini kwa miguu, ndani ya mifuko ya mashati, kwenye flopi, zile diski bapa za kubebea mafaili. Kila asubuhi niliandika daftarini ukubwa wa mafaili yanayoendesha mashine, nikalinganisha na wa jana. Faili la namna hiyo halinenepi lenyewe. Likinenepa, kuna kirusi kimejishikiza humo. Kwa hiyo karibu na dirisha, chini ya ufa ulioachwa na mabomu ya vita, niliweka kompyuta kuukuu isiyo na chochote cha kupoteza. Kila flopi ya kutoka nje ilipimwa hapo kwanza, dakika ishirini, ndipo iruhusiwe kwenye mashine kubwa.

Mchapaji alikuwa mama wa makamo, mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi.

“Daktari,” alikuwa akiniambia, “leo umelaza wagonjwa wangapi?”

“Wawili, mama. Mmoja ana homa.”

“Mpe klorokwini aondoke, nina barua za kuchapa.”

Nyumbani kwake Kibeta alikuwa na watoto wake wawili na watatu wa marehemu dada yake. Wote watano walikula kwa vidole vile. Na tajiri wetu, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Bukoba na kuzungumza Kihaya vizuri kuliko mimi, alikuwa ametangaza mbele yetu sote kwamba atakayepitisha flopi bila kuipima atafute kazi kwingine. Alitangaza hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyemwomba.

Lakini kulikuwa na flopi moja ambayo mji mzima uliijua. Tuliiita flopi ya msiba. Miaka ile tulizika karibu kila wiki, na kila mazishi yalihitaji wasifu wa marehemu wa kusomwa kaburini, na ofisi yenye kompyuta na printa haikuweza kumfukuza mfiwa aliyesimama mlangoni na karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Mtu mmoja aliandika wasifu wa mfano, akaacha nafasi: alizaliwa, alibatizwa, alisoma, alioa, aliugua kwa muda mrefu, ameacha watoto. Ulijaza tu. Flopi ile ilitembea kutoka ofisi hii hadi ile, ikaingia kila mashine ya mji, na kila mahali ilipopita ilipokewa kwa heshima.

Asubuhi ile daftari langu lilisema kwamba mafaili yalikuwa yamenenepa. Nilifungua orodha ya wakulima wa Muleba, kazi ya miezi miwili: kila kaya, idadi ya mibuni, jina la mrithi wa shamba. Kilichotokea kwenye kioo kilikuwa alama, mistari na mistari ya alama zisizosomeka. Nakala yangu ya akiba ilikuwa ya mwezi uliopita. Fomu za karatasi tulikwisha kuzirudisha vijijini, na baadhi ya waliotutajia majina hawakuwepo tena wa kuulizwa.

Mashine huandika saa ya kila kinachohifadhiwa. Nilirudi nyuma, faili kwa faili, mpaka lile la kwanza kunenepa. Ijumaa, saa nne na dakika kumi asubuhi. Dakika tatu kabla ya hapo palikuwa na faili jingine, jipya, limehifadhiwa kutoka kwenye flopi. Lilikuwa na jina la kaka yangu.

Saa hiyo mimi nilikuwa kwenye gari, pembeni ya jeneza, tumesimama mbele ya ofisi tukingoja karatasi ya wasifu.

Tajiri aliingia, akasimama nyuma ya kiti changu, akatazama zile alama.

“Ni nini hiki, kijana?”

“Kirusi, mzee. Orodha ya Muleba imekwisha.”

“Kimeingiaje? Hukuniambia ukipima hakiingii?”

“Kiliingia kwa flopi isiyopimwa.”

“Ya nani?”

Mchapaji alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Ningeweza kusema sijui. Hapakuwa na mwingine ofisini aliyejua kusoma zile saa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema hivyo, na jibu ninalolipata halinipi sifa wala lawama. Niliulizwa swali, na kilichokuwa ndani yangu kilikuwa saa na tarakimu tu. Nikazisoma.

“Ijumaa, saa nne na dakika saba. Flopi ya msiba.”

Tajiri alimgeukia. “Mama? Ni kweli?”

“Ni kweli, waitu,” alijibu kwa heshima ya Kihaya.

“Na sheria uliijua?”

“Niliijua. Dakika ishirini.” Aliweka birika mezani polepole. “Gari lilikuwa nje linanguruma, na safari ya Muleba unaijua ilivyo. Ulitaka nitoke nikaliambie jeneza lingoje mashine?”

“Mashine ile kuukuu ina kazi gani basi?”

“Ina kazi, mzee. Siku isiyo na maiti.”

Tajiri alivuta pumzi ndefu. Aliniangalia mimi, si yeye, kana kwamba ananipa nafasi ya kusema neno. Nilikuwa nikitazama kioo.

“Nilisema mbele ya watu wote,” alisema hatimaye, kwa Kihaya, kwa sauti ya chini. “Nikimwachia mmoja, kesho wote.” Akatoka.

Mama alikusanya vitu vyake: sweta, kikombe, miwani, picha ndogo ya Bikira Maria aliyokuwa ameibandika pembeni ya mashine ya taipu. Nilimtazama, nikasikia nataka kusimama, lakini miguu haikupata habari hiyo.

“Usinitazame hivyo, daktari,” alisema. “Ungekuwa wewe kwenye kiti changu, ungefanya nini?”

“Ningepima, mama.”

“Ndiyo. Nadhani ungepima.” Hakulisema kwa ubaya. Alifunga khanga kiunoni, akabeba mfuko. “Wasifu ulisomeka vizuri? Printa ilikuwa inakwaruza wino.”

“Ulisomeka.”

Sikuwa nimesikia hata sentensi moja yake. Nilikuwa kaburini, watu wakilia, nikihesabu mistari ya karatasi.

“Basi vema,” alisema. “Pole tena, mwanangu.”

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake kwa mikono miwili, kwa kuwa ulikuwa mzito, mpaka ukafungika.