Chupa Zilizooshwa kwa Mkono Mmoja

Mtaa mzima ulimwita Mama Gunia, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Miaka mitatu alipita mlango kwa mlango na magunia ya buluu, akihubiri: chupa za plastiki kando, zioshwe, zisichanganywe na maganda, ziende kiwandani zikatengenezwe upya. Walimcheka. Kinyozi wa kona alimwuliza kama takataka nazo zinaalikwa harusini, mbona zinaogeshwa. Lakini mmoja akianza, jirani huona haya, mwisho ikafika mahali mwenye kuchanganya ndiye anayetupa kwa kujificha.

Aliyeshika neno lake kuliko wote alikuwa mama mkwe wake. Mama huyu alikuwa dobi, tena dobi hasa, mpaka kiharusi kilipomchukua upande wa kulia. Akageukia ukuta. "Niacheni. Mkono usiofua ni wa nini?" Chakula alikirudisha kilivyokuja. Siku moja Mama Gunia, kwa kukosa la kufanya, akamwekea beseni, brashi na chupa kumi. Mama mkwe akazibana kwa magoti, akazisugua kwa mkono wa kushoto. Jioni aliomba chakula mwenyewe. Toka hapo usingemwambia kitu: kila siku chupa, na kila gunia likiondoka alilisindikiza kwa macho.

Jumanne moja Mama Gunia aliomba lifti kwenye lori la taka, akione kiwanda aje amsimulie mama mkwe. Kiwanda gani! Lori lilipinda njia ya machimbo ya zamani, likainua mgongo, na magunia ya buluu yakaporomoka pamoja na maganda na nepi. Moja likapasuka. Alizitambua chupa za nyumbani kwake, zinang'aa juu ya uozo.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mwanzo, dada," dereva alijibu. "Kiwanda kilifungwa hata hujaanza kugawa magunia. Sisi gari moja, shimo moja."

"Na mkanyamaza!"

"Mlikuwa mmefurahi sana."

Alilia njia nzima, na mimi simlaumu. Miaka mitatu, jamani! Akaapa kusema ukweli, liwalo na liwe. Kinyozi atacheka mpaka ashike mbavu, acha acheke.

Uani alimkuta mama mkwe kwenye kigoda, povu mpaka kwenye kiwiko.

"Haya mwanangu, umekiona? Wamesemaje chupa zangu?"

Mama Gunia akautazama ule mkono wa kushoto.

"Wamesema... wamesema zako, mama, ndizo safi kuliko zote."

Mama mkwe akacheka kwa ule mdomo wake uliopinda, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akawaita majirani walete na zao. Mama Gunia akaketi chini kando yake, akachukua chupa, akainamisha uso usionekane.

"Hebu hiyo," mama mkwe alimgusa bega kwa mkono uliolowa. "Umeacha uchafu shingoni. Rudia, mwanangu, usije ukatutia aibu huko."

Akarudia.