Fundi Bubu na Mashine ya Ngumi

Ukimtaka Keziya saa za kazi, usiende nyumbani kwake. Nenda sokoni Mbugani, tafuta mwavuli wa njano uliochanika upande mmoja, utamkuta chini yake ameinamia simu ya mtu anayeapa kwamba haikuingia maji. Hakuna simu iliyowahi kuingia maji Kyela. Mvua inanyesha wiki nzima bila kupumzika, mto unakuja mpaka uvunguni, lakini simu zote ni kavu. Keziya hufungua mfuniko, humwaga maji mbele ya mwenye simu, kisha humtazama tu.

Alizaliwa Ngonga, kwenye mpunga, ila ufundi aliuokota ng'ambo ya mpaka, Karonga, kwa mjomba wake aliyekuwa na kibanda cha redio. Wasichana wenzake walipokuwa wakijifunza kusuka nywele, yeye alikuwa akijifunza kulehemu, na makovu ya kuungua vidoleni anayo hadi leo. Alipoolewa na Anord, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole ambaye hawezi hata kufukuza mbuzi bila kumwomba radhi, alikuja na masanduku mawili. Moja lilikuwa la nguo. La pili lilikuwa la bisibisi, na ndilo lililokuwa zito.

Pamoja na Anord alimpata baba mkwe, Mzee Sedekia. Yaani alimpata, lakini hakumwona.

Asiye wa huku aelezwe. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana, yaani mke wa mwanao, na baba mkwe hawakutani. Hawatazamani, hawasemezani, hawatajani majina. Akitokea huku, wewe unapitia kule, hata kama kule ni kwenye tope. Ndiyo heshima. Vijana wa siku hizi wameacha, wanapiga picha na wakwe zao wakiwa wamekumbatiana. Mzee Sedekia hakuacha. Waliishi ua mmoja, nyumba mbili, mlango wa mzee ukiangalia barabara na wa Keziya ukiangalia migomba. Mzee akitaka kutoka alikohoa mara mbili, na Keziya, hata kama alikuwa na sufuria ya moto mkononi, aliingia ndani. Chakula alipika yeye, akapeleka Anord. Sahani zilirudi. Kama chakula kilikuwa kitamu au la, hakuna aliyewahi kumwambia. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka ishirini na miwili.

Mzee alikuwa na fremu moja ya duka hapo Mbugani, karibu na barabara, na ndani ya fremu hiyo mlikuwa na mashine ya gemu. Aliinunua Malawi enzi za ujana wake wa pili, kama alivyouita, alipokuwa na miaka hamsini: kasha la mbao refu kama kabati, kioo kinene, sukani mbili, na mabondia wawili wa kupigana ngumi. Watoto wa mji mzima walimaliza sarafu zao pale. Watoto wakiwa shuleni, mzee alifunga mlango akacheza mwenyewe. Kisha mashine ikafa, mafundi wa Mbeya wakaja wakatikisa vichwa, na fremu ikabaki imefungwa miaka na miaka, mzee akikataa kuipangisha kama mtu anayelinda kaburi.

Mwaka huu, baada ya masika, muuza vipuri vya pikipiki aliitaka fremu, na mzee kwa uchovu akakubali. Mashine ingekwenda kwa wanunua vyuma chakavu. Lakini jioni ya siku hiyo alimwambia Anord, kwa sauti iliyovuka ua mpaka jikoni kwa Keziya: "Fundi atakayeifufua kabla ya tarehe moja, fremu ni yake. Akae humo mpaka achoke. Asipopatikana, basi."

Keziya aliacha kukoroga. Miaka kumi alikuwa chini ya mwavuli uliochanika, akifunika simu za watu kwa nailoni kila wingu likipita. Fremu ina bati. Fremu ina mlango. Fremu ina umeme wake.

"Mwambie umepata fundi," alimwambia mumewe.

"Na akiuliza ni nani?"

"Mwambie wa hapahapa. Si uongo."

Tatizo lilikuwa moja: mashine ilikuwa mahututi. Bodi yake ilikuwa nzima, maana vitu vya zamani vilitengenezwa na watu wenye subira. Lakini pawasaplai, lile dude linalogawa umeme, lilikuwa limeoza, nyaya zimetafunwa na panya, na vitufe vyote vimezama kama meno ya kibogoyo. Vipuri vyake havipatikani tena duniani. Hapo Keziya akawakumbuka madubwi.

Dubwi ni ile mashine ya kamari iliyoletwa juzijuzi, ya taa na picha za matunda, ambayo unaipa sarafu nayo inakupa muziki. Dickson wa kona alikuwa na matatu. Yalikula sarafu za wanaume wa Mbugani kwa miaka minne, mpaka mafuriko yalipoingia yakalipiza kisasi kwa niaba ya wake zao. Keziya aliyachukua yote kwa kumtengenezea Dickson simu mbili na redio ya mama yake. Akayasukuma kwa toroli katikati ya soko, mchana kweupe.

"Mama Nancy!" Beatrice, muuza usipa, dagaa wa ziwani, alimwita Keziya kwa jina la mwanawe. "Na wewe umeanza?"

"Nimeanza nini?"

"Moja halikutoshi, umeamua matatu!"

Kufikia jioni habari ilikuwa imefika Ipyana kwamba mke wa mwalimu amefungua kasino. Keziya alikuwa ameshafungua dubwi la kwanza, akikausha pawasaplai yake juani. Kila alichokitoa kilikuwa kipya, chepesi na cha bei ya chini, lakini kilifaa. Dubwi la miaka minne lilikuwa linamchangia damu mzee wa miaka thelathini.

Siku ya kwanza ya kazi kwenye fremu, Anord alisimama mlangoni kama askari. Askari wa namna ya Anord, kwa sababu alikuwa anasahihisha madaftari. Keziya alisikia kikohozi, mara mbili, mita tatu kutoka mlangoni. Fremu haina mlango wa nyuma. Aliona mahali pamoja tu pa kwenda. Akajitupa ndani ya kasha la mashine, akavuta ubao wa nyuma, akakaa amekunja magoti, bisibisi mdomoni.

"Fundi yuko wapi?" sauti ya mzee ikauliza.

"Yumo ndani, Baba. Anafanya kazi."

"Fundi, ugonile!"

Kimya.

"Mbona haitikii salamu?"

Anord, ambaye hajawahi kudanganya hata kwenye mahudhurio, alidanganya kama mtu anayeanguka ngazi. "Ni bubu, Baba."

"Bubu! Anasikia?"

"Anasikia. Anagonga. Mara moja ndiyo, mara mbili hapana."

Mle ndani Keziya alitamani kutoka amzabe mumewe kofi kisha arudi. Akagonga mara moja.

"Safi," alisema mzee. "Wenye ulimi wamejaa mji huu, ndiyo maana hakuna kinachotengenezwa." Akavuta kreti, akaketi.

Akaja kesho yake. Akaja na keshokutwa, na kila siku. Angekohoa, Keziya angeingia kwenye kasha, na mzee angeketi na kuongea. Alikuwa amepata mtu wa kumsikiliza, na mtu mwenye hazina hiyo hatoki mapema. Kazi ilisogea, maana akiwa mle ndani Keziya hakuwa na la kufanya ila kuunga nyaya kwa tochi ya simu. Ila hofu haikumtoka. Akigundulika amekaa hatua moja kutoka kwa baba mkwe, wazee wa ukoo wangeitwa, na fremu ingekwenda na maji.

Siku ya nne mzee alivuta pumzi. "Fundi, nikuambie siri. Nina mkamwana. Mtu mwema sana. Anapika vizuri, ila chumvi. Chumvi, fundi! Miaka ishirini na miwili nakunywa maji kama ng'ombe. Nimwambie nani? Nikimtuma mwanangu huyu, atalifikisha vibaya, tugombane ukoo mzima. Nimenyamaza."

Keziya aliuma bisibisi mpaka jino likalia.

Jioni ile alitia chumvi nusu. Sahani ilirudi imefutwa kwa kidole.

Siku ya tano mzee alimweleza fundi kwamba hajala samaki aina ya mbasa tangu Pasaka. Jioni palikuwa na mbasa. Siku ya sita akakumbuka jinsi marehemu mkewe alivyokuwa akipika ndizi kwa maziwa. Jioni palikuwa na ndizi kwa maziwa. Siku ya saba alilalamika shuka lake limetoboka, na shuka jipya likapatikana. Keziya alijiona mjanja kupita kiasi. Alimwambia Anord, "Baba maskini anadhani Mungu anamjibu." Mwerevu hajinyoi, lakini mwambie hivyo mwerevu mwenyewe uone.

Siku ya nane mzee hakuagiza chakula.

"Mke wangu alipougua," alisema, "mkamwana ndiye aliyemwogesha. Miezi mitano. Mimi nilikuwa nakaa nje, nasikia maji yakimwagika kwenye beseni. Sijawahi kumshukuru. Utamshukuruje mtu usiyekutana naye, fundi?"

Fundi hakugonga mara moja wala mara mbili. Alikuwa analia, na machozi ya fundi ni hatari karibu na umeme, kwa hiyo alijifuta kwa khanga na kuzima tochi.

Ilibaki siku moja kabla ya tarehe moja. Jumamosi asubuhi Anord alichomeka waya ukutani, na Keziya, ndani ya kasha, akaunganisha pawasaplai ya dubwi. Kioo kilinguruma, kikatoa mstari mweupe, kikajaa rangi. Mabondia wawili wakatokea wakirukaruka, kana kwamba walikuwa wamekwenda kunywa maji tu wakarudi. Mzee Sedekia alisimama akavua kofia.

Vitufe navyo vilikuwa vya dubwi, bado na picha zake. Ukitaka kupiga kushoto unabonyeza chungwa, kulia tikiti, na kujikinga ni kengele. Mzee alivizoea kwa dakika mbili. Akamwita Anord wapigane. Anord aliangushwa mara tatu.

"Wewe unapigana kama unasahihisha," mzee alisema kwa uchungu. "Kaa chini. Fundi, toka ucheze."

Kutoka ndani ya kasha: ngo, ngo.

"Toka, fundi. Mashine ya watu wawili haijapona mpaka wawili wacheze. Sitoi fremu kwa nusu mashine."

Ngo, ngo. Fremu ilikuwa pale, ya bati na mlango, na ilimtaka afanye jambo moja tu asiloweza kulifanya.

Mzee akageukia kioo, akazungumza nacho kwa upole, kama mtu anayemsimulia mtoto hadithi. "Sikiliza, mashine. Mimi jicho la kulia lina ukungu tangu mwaka juzi. Mtu akisimama kuliani kwangu, kwangu mimi hayupo. Jicho la kushoto nalo lina kazi, linakutazama wewe. Na bubu hasemi. Sasa nani amevunja heshima hapo?" "Halafu mbasa wa juzi alikuwa mzuri. Chumvi ilikuwa sawasawa."

Keziya alifumba macho. Chumvi, shuka, ndizi, vyote vilimpitia kichwani kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilimcheka. Nje, Anord alikuwa ameshika daftari juu chini.

Ubao wa nyuma ukafunguka. Keziya alijifunika khanga kichwani mpaka kwenye nyusi, akazunguka, akasimama kuliani kwa baba mkwe, macho yake yakiwa kwenye kioo tu. Ilikuwa mara ya kwanza kusimama karibu naye. Mzee alikuwa mfupi kuliko alivyomdhania.

Alikusudia kumwachia ashinde. Naapa alikusudia. Lakini mzee alimpiga matikiti mawili ya haraka akacheka kwa dharau, na Keziya mtoto wa Ngonga akasahau mambo yote ya duniani. Walipigana bega kwa bega bila kutazamana, mzee akipiga kelele, yeye akiuma midomo asitoe sauti. Raundi ya tatu, machungwa manne mfululizo, bondia wa mzee akalala chali.

Beatrice muuza usipa, aliyefuata kelele akidhani ni kasino, alikuwa amesimama mlangoni na beseni kichwani.

Kioo kikaandika kwamba mshindi aweke jina, herufi tatu. Keziya, kwa aibu, akabonyeza B, akabonyeza U, akabonyeza B.

"Futa," alisema mzee.

Akafuta.

"Mashine," mzee alisema, akikitazama kioo, "huyo haitwi hivyo. Huyo anaitwa K, E, Z, na fremu ni yake. Ndaga fijo, asante sana."

Ilikuwa nusu ya jina tu, tena imeambiwa mashine. Hakuwahi kulitaja kabla ya hapo. Keziya aliweka herufi tatu, akathibitisha kwa kengele, kisha akavuta khanga na kutoka haraka akampita Beatrice bila hata salamu.

Jioni alipika kwa mawazo, akatia chumvi mara mbili bila kujua. Sahani ilirudi tupu.