Rekodi ya Radi, Bila Kukatwa

Kazi yake ilikuwa kukata matusi, na kwa ajili hiyo watu wa studio walimwita Mkasi. Alianza enzi za utepe, akikata kwa wembe na kuunga kwa gundi. Siku hizi alikata kwa kompyuta, lakini mkono ulikuwa uleule. Mwimbaji akiropoka neno la chumbani katikati ya wimbo, Mkasi alilichomoa hata usijue kama lilikuwepo. Pengo lililobaki alilitia kiraka cha makofi. Alikuwa na akiba ya makofi ya kila aina: ya ukumbi mdogo, ya uwanjani, ya watu waliochangamka, ya watu waliochoka na wanaotaka kwenda kulala. Nyumbani walimtania kwamba hakuna mwanamke mwenye matusi mengi kama yeye mji mzima, ila yake ameyafungia kwenye droo.

Basi kampuni ikarekodi tamasha la Radi. Radi ni yule dada wa muziki wa metali, ule wa magitaa yanayonguruma na mwimbaji anayeunguruma kuliko magitaa. Jukwaani alitukana mpaka mtu unajishika kichwa. Nje ya jukwaa alikuwa mpole, anaamkia kila mtu, anakunywa maji ya uvuguvugu na kuuliza watoto hawajambo.

Wafanyakazi walipewa tiketi. Mkasi hakuitaka yake, akampa Kinyozi, mtoto wa mdogo wake wa kike. Kinyozi aliupenda muziki huo mno. Aliupiga pale saluni kwake mpaka wateja wakauliza kama wamekuja kunyolewa au kupigwa na radi.

Alirudi kutoka tamashani mkono wa kulia umevunjika, mdomo umevimba, shati limechanika mgongoni.

"Walinzi wamenipiga, Mama," alisema. "Mtu alianguka mbele ya jukwaa, nikawa namwinua. Wakanijia na virungu."

Mama yake, mwalimu wa chekechea, alimpangusa damu mdomoni. Asubuhi yake mkuu wa walinzi alikuja nyumbani, sare imenyooshwa, kofia mkononi. Akatoa pole kwa adabu zote. Alisema kijana alikuwa amelewa, akapanda uzio, akaanguka. Vijana wa siku hizi, mama, ni wa kuombea tu.

Sasa, usimlaumu mwalimu haraka. Mumewe aliuawa na pombe, na kila alipopepesuka na kuumia njiani, alifika nyumbani na hadithi kwamba amepigwa. Mwanamke huyo alikuwa amempangusa mumewe damu ya kupigwa na watu wasiojulikana, miaka nenda miaka rudi, na hao watu hawakuwahi kuwepo.

"Baba yako naye alikuwa anapigwa," alimwambia mwanawe. "Kila mwisho wa mwezi. Nimechoka kusikia, mwanangu. Usinidanganye kwenye nyumba hii."

Tangu hapo hakumsemesha. Alimwekea chakula mezani akaondoka. Kinyozi mwanzo alijitetea, kisha akanyamaza, akawa anakula kwa mkono wa kushoto, peke yake. Na kinyozi mwenye mkono mmoja ni kama dereva asiye na gari. Saluni ikafungwa.

"Tiketi ilitoka kwako, dada," mwalimu alimwambia Mkasi. Na Mkasi naye, kusema kweli, alidhani mtoto amelewa.

Hata siku moja Bosi akamwita ofisini.

"Mkasi, safari hii pumzika," alisema, amejaa tabasamu. "Rekodi ya Radi tunaitoa bila kukatwa. Jina lenyewe ndilo hilo, *Bila Kukatwa*. Matusi yote yaache. Ndiyo yanayouza."

"Yote?"

"Yote, mama. Ila baada ya wimbo wa tano muziki unasimama, Radi anaongeaongea. Pale toa. Tia makofi yako."

Mkasi akaketi, akavaa visikilizio. Nyimbo tano zilipita, na mama wa watu walitajwa humo kwa namna ambayo mama wa mtu hatajwi. Kisha magitaa yakanyamaza. Radi akaongea, sauti inatetemeka.

"Jamani, walinzi. Nawaomba. Mwacheni huyo kijana. Hajafanya kosa, nimemwona mwenyewe, alikuwa anamwinua mwenzake. Kaka yangu, tafadhali, weka kirungu chini. Nakuomba, kaka yangu."

Hakukuwa na tusi hata moja. Maneno yalikuwa safi, ungeweza kumsomea mtoto wa chekechea. Na chini yake, kutoka kwenye kipaza sauti cha ukingo wa jukwaa, kulisikika kishindo, na kingine, na sauti ya kijana inalia: "Mama! Mama, nakufa!"

Mkasi aliijua sauti hiyo tangu haijaota meno. Hasira zikampanda mpaka masikio yakawaka moto. Alijikasirikia mwenyewe kwanza, kisha akamkasirikia mkuu wa walinzi na kofia yake mkononi, kisha Bosi na tabasamu lake. Aliinakili sehemu ile kwenye fleshi, akaitia mfukoni, akaenda ofisini bila kubisha hodi.

"Bosi, wimbo wa tano una tusi la mama wa mtu katika kila mstari. Hilo linabaki?"

"Linabaki."

"Na 'tafadhali kaka yangu' inatoka?"

Bosi alishusha pumzi. "Elewa, Mkasi. Ile kampuni ya ulinzi ndiyo iliyolipia ukumbi na mabango. Tukiwaudhi, mwakani hatuna tamasha. Mwenye nguvu mpishe."

"Nimekata matusi ujana wangu wote, Bosi, ili watoto wa watu wasiyasikie. Leo unaniambia niwaachie matusi, niwanyime ombi? Hiyo bila kukatwa ni ya wapi? Aliyevunjwa mkono ni mtoto wangu. Sikati."

"Basi inuka kitini. Nitakata mwenyewe."

Na kweli akakata mwenyewe, kwa makofi ya akiba ya Mkasi. Akachagua ya watu waliochangamka.

Jioni ile Mkasi alikwenda kwa mdogo wake. Mwalimu alikuwa anapanga kadi za herufi mezani.

"Muziki huo sitaki hapa ndani, dada. Nimeshasema."

"Si muziki. Keti usikilize."

Mwalimu alisikiliza mikono ikiwa juu ya kadi. Ilipofika sauti ya mwisho, hakulia. Alisema, "Rudisha." Mkasi akarudisha. "Rudisha tena." Kisha akanyanyuka, akaenda mpaka mlango wa chumba cha mwanawe, akasimama pale na kiganja kwenye mbao, akarudi. Hakujua aanzie wapi.

"Hii itauzwa?" aliuliza.

"Itauzwa. Ila hapo wameweka makofi."

"Makofi?"

"Makofi, mdogo wangu. Jumamosi wanaizindua."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini uchungu uliochanganyika na aibu hauna hata methali. Mwalimu alinyoosha gauni lake la siku ya kufunga shule. Jumamosi walikwenda wote watatu, Kinyozi nyuma kabisa; naye alikwenda kwa sababu Mkasi, mama yake mkubwa, alimshika mkono mzima na kumwambia leo hubaki nyumbani.

Ukumbi ulijaa waandishi, wafanyabiashara na vinywaji. Mkuu wa walinzi alikaa mstari wa mbele. Radi alikaa kando, kwenye kiti cha plastiki, na maji yake ya uvuguvugu. Rekodi ikapigwa. Watu walicheka kwa matusi, wakagongana mabega. Ulipokwisha wimbo wa tano, makofi yakaja, mazito, ya furaha, na waliokaa ukumbini wakaunga, nao wakapiga makofi.

"Zima!"

Ilikuwa sauti ya mwalimu wa chekechea, ile inayosimamisha watoto arobaini wanaokimbia. Fundi akazima kabla hajafikiri.

"Mama, maswali baadaye," Bosi alisema.

"Sina swali. Hapo mlipoweka makofi pana mwanangu."

Radi alikuwa ameshasimama. "Hapo mimi niliongea," alisema taratibu, akimtazama Bosi. "Maneno yangu yako wapi?"

La kuvunda halina ubani. Mkasi alipita katikati ya viti, akamkabidhi Radi fleshi mkononi, na Radi mwenyewe akaichomeka.

Wakasikia wote. Wakasikia kaka yangu na tafadhali, wakasikia vishindo, wakasikia kijana anavyomwita mama yake. Waliokuwa wanacheka walitazama viatu vyao. Mkuu wa walinzi aliinuka aondoke, akakuta waandishi wamesimama njiani na simu zimeelekezwa usoni kwake, na safari hii hakuwa na kofia ya kushika.

Mwalimu alikuwa bado amesimama. "Mama anayeitwa hapo ni mimi," alisema. "Mtoto ananiita anakufa. Halafu anafika nyumbani, mimi namwambia ni mlevi kama baba yake. Nimemwekea chakula kama mfungwa." Akageuka kumtafuta nyuma ya ukumbi. "Mwanangu, uliniita. Uliniita, na mimi sikuja."

Kinyozi alikuwa karibu na mlango, mkono kwenye plasta kifuani. Alimjibu kwa sauti ya kawaida, kama watu wawili waliobaki peke yao mezani.

"Nilijua hunisikii, Mama. Niliita tu."