Mwenye Maji wa Bibi

Hebu nikuulize, rafiki yangu: umewahi kuchora kiumbe cha watu wengine, mkono ukakuchorea cha kwenu? Jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa Bredäng, mama Mfilipino ninayekutana naye chumba cha kufulia, aliniomba nimchoree siyokoy kwa ajili ya wajukuu wake. Siyokoy ni dume la majini la kwao, lina magamba mwili mzima na vidole vyenye utando, na huvuta watu chini. Nilichora kwa raha zangu. Nilipompelekea, aliitazama karatasi huku mashine zikizunguka, akauliza kwa Kiswidi, "Mbona ameshika sufuria?"

Sikuwa nimeiona hiyo sufuria.

Basi nikarudi kwetu Uvira, utotoni, bila nauli. Jioni tulitumwa ziwani kuosha vyombo, mikono bado inanuka dagaa na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, tukisugua sahani kwa mchanga mpaka zinalia. Lakini sufuria yenye masizi bibi aliizuia mlangoni. Hiyo ilioshewa uani, maji yake yakamwagwa kwenye migomba. "Masizi haiingiake mu ziwa," alikuwa akisema. "Mwenye maji hapendake." Hakutuambia anafananaje. Nilimtengeneza mwenyewe: mweusi, anateleza kama kambale, amekaa kwenye jiwe akingoja mtoto mjinga amletee sufuria chafu. Nilimwogopa, na nilimpenda.

Nikampigia mama mdogo, binti wa bibi, aliyeko huku Jordbro, ndiye pekee aliyebaki kati ya waliokulia nyumba ile. Akacheka. "Mwenye maji gani? Mama alikuwa anakataza sababu tulikuwa tunakunywaka ile maji."

Sasa sijui. Labda bibi aliniambia mimi peke yangu. Labda nilimwokota kiumbe huyo mahali pengine, nikamtia mdomoni mwa marehemu. Wa kuulizwa ameshazikwa, na hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Jirani naye ana haki yake. Wajukuu wake wanataka siyokoy, Uvira hawaijui. Nikaifuta sufuria, nikaongeza magamba mpaka shingoni. Akafurahi, akaniletea wali na samaki wa kukaanga. "Huyu ndiye," akasema.

Kweli, ndiye. Ila siku hizi nikifumba macho kumtafuta wa bibi pale jiweni, anakuja na magamba, na mikono yake mitupu.